Mdoezi Apewe Nini?

Wasomaji wetu, hakuna kijiji kisichomjua mdoezi. Huyu ni mtu ambaye harufu ya mchuzi humleta mlangoni, wala hajapata kuonekana akibeba kuni. Wazee walimwekea sheria fupi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika maneno hayo machache mna mambo mawili. La kwanza ni zile siku mbili, ambazo mgeni hula bila kuulizwa neno. La pili ni lile jembe. Watu wakali waitajapo methali hii hukumbuka jembe, wakazisahau siku mbili. Watu wapole hukumbuka siku mbili, wakaona haya kulitoa jembe.

Swali letu la mwezi huu ndilo hili: mtu apokeaye na asitoe, tumtendeje? Tukimnyima, je, twatenda haki, au tumeuacha upendo? Tukimpa siku zote, je, twatenda upendo, au twamharibu yeye pamoja na wale wafanyao kazi? Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya watu wasiotaka kazi, akaagiza ya kwamba na chakula wasile. Naye Bwana wetu alifundisha ya kuwa Baba wa mbinguni huwapa mvua wema na wabaya pia. Mafundisho yote mawili twayashika. Tabu yetu ni kujua namna ya kuyashika pamoja.

Tungeweza kuchukua mfano wa kisima au wa shamba la ujima, lakini huko mambo huchanganyika na ujamaa, madeni na magomvi ya zamani, hata mtu asijue ni lipi lililomfanya jirani akatae kufyeka. Kwa hiyo tumechagua mfano wa mahali ambapo watu hawajuani kwa sura wala kwa jina, na ambapo utoaji wa kila mtu waweza kupimwa kama nafaka katika pishi. Nao ni ile mitandao ya kompyuta ambayo kwayo watu hugawana mafaili.

Kwanza tueleze jinsi ilivyo. Kwa desturi mtu atakaye kitabu au wimbo kwa njia ya intaneti huupata katika kompyuta moja kubwa, kama watu wa kijiji wanavyoteka maji katika bomba moja. Watu wakizidi, foleni huwa ndefu. Bomba likivunjika, wote hukosa. Katika mitandao tunayoisema hakuna bomba moja. Kompyuta ya kila mtu ni ndoo na ni kisima pia: hupokea kwa wenzake, na wenzake hupokea kwake. Watu wakiongezeka, visima navyo huongezeka, ikiwa kila mtu amekubali kisima chake kitekwe. Katika neno hilo “ikiwa” ndimo lilimo jambo zima.

Tena utoaji huu si kama kutoa unga. Atoaye unga hupungukiwa, lakini atoaye faili hubaki nalo, kama mtu awashaye taa ya jirani kwa taa yake. Walakini si bure kabisa, kwa maana hutumia njia yake ya kupelekea, na umeme wake, na pengine fedha yake. Basi ni utoaji mwepesi, wala si utoaji usio na gharama.

Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Shawn Fanning, alitoa programu iitwayo Napster, nayo ikaenea kama moto wa kiangazi. Lakini orodha ya vitu vyote ilikaa mahali pamoja, na nyimbo nyingi zilizogawanywa humo zilikuwa mali ya watu ambao hawakuombwa ruhusa. Wenye mali walishtaki, na mwaka 2001 kazi ile ikafungwa. Kabla haijafungwa, mwaka 2000, ulikwisha kutokea mtandao mwingine uitwao Gnutella, usio na orodha ya katikati. Humo kila kompyuta iliwauliza majirani zake, na majirani wakawauliza majirani zao, hata kitu kikaonekana.

Watu wengi walifurahi. Walisema, Tazameni, huu ni ujima wa ulimwengu wote, hauna jumbe wala karani. Lakini mwaka ule ule wataalamu wawili wa kampuni ya Xerox kule California, Eytan Adar na Bernardo Huberman, waliupima mtandao huo. Waliona ya kuwa karibu watu 70 katika kila 100 hawakuweka kitu chochote cha kugawa. Tena karibu nusu ya majibu yote yalitoka kwa mtu 1 tu katika kila 100. Na wengi wa wale walioweka, waliweka vitu ambavyo hakuna aliyevitafuta, kama mtu aletaye kwenye harambee nguo ambayo mwenyewe amekwisha kuitupa. Mwaka 2005 watu wa Chuo Kikuu cha Lancaster huko Uingereza walipima tena, wakaona wasioweka kitu wamefika 85 katika kila 100.

Basi ule ujima ulikuwa jina tu. Watu walisema bomba moja limeondolewa, kumbe mabomba machache yalikuwa yakiwanywesha wote, na hayo machache yakichoka, wote hukaa na kiu.

Tusifanye haraka kuwahukumu wale 70. Hatudhani walikuwa waovu kuliko sisi. Hakuna aliyewaona, na jambo lisiloonekana halioni haya. Kila mmoja alidhani fungu lake ni dogo, halitapungua wala kuongeza. Wengine njia zao za nyumbani zilipokea upesi na kupeleka polepole. Na baadaye wengine waliogopa, kwa maana tangu mwezi wa Septemba mwaka 2003 makampuni ya nyimbo ya Marekani yalianza kuwashtaki watu mmoja mmoja, na walioshtakiwa ni wale waliokuwa wakigawa.

Juu ya hofu hiyo ya mwisho yatupasa tuseme neno wazi kabla hatujaendelea. Mtu awezaye kutoa ni mwenye mali, au aliyepewa ruhusa na mwenye mali. Mtu akichukua mbuzi wa jirani akawaalika watu karamu, hatumwiti mkarimu, hata kama amekula mfupa tu. Wimbo nao una mwenyewe aliyekesha kuutunga. Basi katika maneno yetu yote twafikiri juu ya vitu ambavyo wenyewe wameruhusu vigawanywe, na viko vingi: vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha, na programu kama zile za Linux, ambazo watungaji wake wametaka zisambazwe, na ambazo hata leo hugawanywa kwa njia hii. Asiyeanza na swali hili atapotea katika yote yafuatayo.

Sasa tutazame dawa zilizojaribiwa. Mtandao mmoja, ulioitwa Kazaa, ulimwekea kila mtu cheo kilichohesabiwa kwa alivyotoa na alivyopokea. Mwenye cheo kikubwa alitangulizwa kwenye foleni. Ni shauri jema, lakini lilikuwa na tundu: hesabu ilifanywa na kompyuta ya mtu mwenyewe. Ilikuwa kama kumwambia mdaiwa, Jiandikie deni lako, nasi tutasadiki. Haikupita muda ikatokea programu iliyogeuzwa, nayo ilimtangaza kila aitumiaye kuwa na cheo cha juu kabisa, ingawa hakuwa ametoa hata punje. Hapo twajifunza ya kuwa tukimsifu mtu kwa maneno yake mwenyewe, twawafundisha watu maneno, wala hatuwafundishi matendo.

Dawa ya pili ilitoka kwa Mmarekani mwingine, Bram Cohen. Mwaka 2001 alitoa programu iitwayo BitTorrent. Yeye hakuuliza watu wamesema nini. Alilikata kila faili kuwa vipande vingi vidogo, hata wapokeao wenyewe waweze kubadilishana vipande, mmoja akimpa mwenzake asicho nacho. Tena aliweka kanuni hii: kila kompyuta hufungua milango michache tu, kwa desturi 4, na huwafungulia wale ambao yenyewe inapokea kwao upesi zaidi. Kila baada ya sekunde 10 hupima tena. Asiyetoa hufungiwa, akianza kutoa, hufunguliwa. Hakuna anayejisifu wala anayesengenya, kwa kuwa kila mtu hupima kile tu kilichofika mkononi mwake.

Kanuni hii watu wa pwani huiita nipe nikupe. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Axelrod, alikuwa ameichunguza zamani kabla ya Cohen, akaandika kitabu chake mwaka 1984. Aliwaalika wataalamu walete kanuni za kushindana katika mchezo ambao kila mtu aweza kumsaidia mwenzake au kumdhulumu. Kanuni iliyoshinda, nayo ilishinda mara mbili, ilikuwa fupi kuliko zote, na aliyeileta ni Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea mara iliyopita. Twawaomba wasomaji watie alama kwenye maneno yale mawili, “anza kwa wema.” Wengi huyaruka.

Kwa maana nipe nikupe peke yake haiwezi kuanza. Fikirini mtu aingiaye leo mtandaoni kwa mara ya kwanza. Hana hata kipande kimoja. Kila mlango anaobisha waulizwa, Umeleta nini? Naye hana kitu. Hawezi kutoa kwa kuwa hajapokea, wala hawezi kupokea kwa kuwa hajatoa. Kama kanuni ingeshikwa pasipo huruma, mgeni huyu angekufa nje ya mlango, na mtandao wenyewe ungekufa baada yake, kwa kuwa nyumba isiyopokea wageni huisha pamoja na wazee wake.

Cohen aliliona jambo hili. Basi pamoja na milango ile ya hesabu aliweka mlango mmoja usiouliza neno. Kwa mlango huo kompyuta humpa mtu ye yote aliyetokea, awe ametoa au hajatoa, na kila baada ya sekunde 30 hupewa mwingine. Tena aliagiza ya kuwa kipande cha kwanza cha mgeni kiwe chochote kile, ili apate upesi kitu cha kubadilishana. Na baada ya hapo atafute kwanza vile vipande vilivyo adimu, ambavyo wengine watavitaka kwake. Na nyuma ya hayo yote yuko mtu ambaye pasipo yeye hakuna kitu: yule mwenye faili zima, asiyehitaji kipande kwa mtu, ambaye hata hivyo huuacha mlango wake wazi. Wenyewe wamemwita mbegu. Jina hilo twaona ni zuri kuliko walivyodhani walipolichagua.

Tuyapime mambo haya. Mtu aliyetafuta hesabu tu, ambaye hakuwa akihubiri wala kuandika juu ya dini, alipotaka kujenga jambo lidumulo katikati ya wageni wasiojuana, aligundua ya kuwa haki hulinda, lakini haki haizai. Palihitajiwa mmoja atoaye kwanza, na mlango usiouliza. Hilo sisi tulilijua kwa njia nyingine, kwa kuwa sote twaishi kwa kupewa kabla hatujatoa. Mama hakutudai kitu kabla ya kutunyonyesha. Mwalimu wa kwanza hakutudai herufi kabla ya kutufundisha herufi.

Lakini msomaji mkali atasema, Je, mlango huo usiouliza hautakuwa mlango wa wadoezi? Naam, ulikuwa. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Zürich, Uswisi, walitengeneza programu iliyokwenda mlango kwa mlango ikipokea neema ya kila nyumba bila kurudisha kitu, nao wakaona ya kuwa yawezekana kulipata faili zima namna hiyo. Mwaka 2007 wengine wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha ya kuwa mtu mwerevu aweza kupima kutoa kwake kwa kijiko, atoe kile kidogo tu kimfungulieacho mlango. Hao hao waliona neno lingine kubwa: sehemu nzuri ya nguvu za mtandao ilitoka kwa watu waliotoa kupita kiasi walichohitaji ili wapokee. Maana yake ni kwamba mtandao ulisimama juu ya hesabu, na hesabu yenyewe ilisimama juu ya ukarimu.

Basi kwa nini mlango ule haukufungwa? Kwa sababu aufungaye ili kumkomesha mdoezi amfungia mgeni pia, kwa kuwa siku ya kwanza wote wawili wana sura moja, nao wana mikono mitupu. Ni afadhali kupotewa na vipande kadha wa kadha kuliko kupotewa na watu wote watakaokuja. Lakini angalieni, mlango ule ni mmoja, si yote. Na hukaa wazi kwa mtu yule yule sekunde 30, si siku zote. Neema imepewa mahali pake, na haki mahali pake, wala hakuna moja iliyomfukuza mwenziwe.

Liko na onyo moja ambalo hatupendi kulificha. Kanuni ya nipe nikupe hupima wepesi wa kutoa, wala haipimi moyo. Mwenye njia pana hupatana na mwenye njia pana, na wote wawili hupata upesi. Mwenye njia nyembamba hubaki na wenziwe maskini. Kijana wa kijijini anunuaye bando la siku kwa fedha ya kibarua, akitoa vipande viwili huenda ametoa zaidi ya mtu wa mjini atoaye elfu. Mjane wa hekaluni alitia senti mbili, na Bwana akamhesabu kuwa amewapita wote. Kompyuta haiwezi kuhesabu hivyo. Mtu aweza, na kwa hiyo asiiachie kompyuta, wala kanuni, wala daftari la karani, kazi ya kupambanua asiyeweza na asiyetaka.

Tena msidhani ya kuwa mambo haya ni ya kompyuta tu. Katika milima ya Uswisi kuna kijiji kiitwacho Törbel, ambacho watu wake hulisha ng'ombe katika malisho ya wote. Sheria yao iliyoandikwa mwaka 1517 yasema mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Bibi Elinor Ostrom wa Marekani alikitaja kijiji hicho katika kitabu chake cha mwaka 1990, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yake juu ya mali za ushirika. Alionyesha ya kuwa mali hizo hudumu pale watu wanapojiwekea sheria wenyewe na kuangaliana wenyewe, na pale mkosaji anapoanza kwa adhabu ndogo, ikiongezeka akirudia. Hapo tena twaona lile lile: mlango haufungwi kwa kosa la kwanza, wala hauachwi wazi kwa kosa la kumi.

Sasa turudi kwa methali yetu, kwa maana tangu mwanzo tumeisoma vibaya. Tulisema zile siku mbili ni upole na jembe ni ukali. Lakini wazee hawakusema, siku ya tatu mfukuze. Wala hawakusema, siku ya tatu mnyime. Walisema mpe. Jembe nalo ni zawadi. Ni kile kipande cha kwanza apewacho mgeni ili awe na kitu cha kuwapa wengine. Mtu uliyemlisha siku zote bila kumpa jembe umemwambia, bila kutamka, ya kuwa mikono yake haina faida kwetu. Na mtu uliyemfungia mlango siku ya kwanza umemwambia neno lilo hilo.

Basi katika vyama vyetu vya kuzikana, katika kisima, katika kazi za kanisa na za shule, tufanye hivi. Anayeingia apokelewe kwanza, wala asidaiwe mlangoni. Kazi ya kila mtu ionekane na wenziwe, kwa maana penye giza hata watu wema hulala. Tusipime kwa maneno ya mtu mwenyewe. Anayelegea aonywe mapema na kwa jambo dogo, wala asingojewe mpaka tumemchukia. Asiyeweza aulizwe ni kipande gani kidogo alicho nacho, nacho kipokewe kwa heshima. Na katika kila kijiji wawepo wachache watakaokubali kuwa mbegu, wasiohesabu.

Na kabla hatujamtafuta mdoezi kwa jirani, tukumbuke wale 70 wa mwaka 2000. Hakuna hata mmoja wao aliyejiita mdoezi. Kila mmoja alichukua alichotaka, akafunga kompyuta yake, akalala vizuri. Sisi nasi tujiulize usiku wa leo: katika yale yote tunayokula kwa pamoja, ni mlango gani wa kwetu ulio wazi?